Aliyesikia Yote Mezani

3 Machi

Dada,

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu utanikatiza kwa maswali ya kihospitali kabla sijafika nusu, na mimi nitalia, na nikilia mume wangu, Dereva, ataliacha gari la mikate katikati ya barabara aje kuona nani kafa. Hakuna aliyekufa. Mimi mzima, mtoto mzima, toka asubuhi anacheza mpira tumboni.

Jana nilikwenda kupigwa picha ya tumbo. Mpigaji alirudia kupitisha kifaa mahali pale pale, nikajua hapa kuna neno. Akamwita daktari. Daktari akasema kondo la nyuma limekaa chini, limeziba mlango wote wa kutokea mtoto. Nina wiki ishirini na nane tu, kwa hiyo wataangalia tena, lakini nisijidanganye: huyu hatatoka kwa njia aliyotokea kaka yake. Atatolewa kwa kisu. Na nisinyanyue kitu kizito. Nikamwuliza, gunia la unga ni kitu kizito? Akaniangalia kama nimemtukana.

Mimi kisu sikiogopi sana. Tatizo ni Mama. Nilipomweleza, alisimama, akaenda jikoni, akarudi mikono mitupu, akasema, "Hutakwenda." Nikamwuliza hutakwenda wapi. "Kulazwa kwenye meza yao. Zaa nyumbani, au usizae." Kana kwamba hilo la pili bado linawezekana!

Amenitafutia mkunga mstaafu. Nimemwambia mkunga hawezi kuhamisha kondo kama anayehamisha kabati. Hanisikii. Unajua masikio yake yamekuwa mazito, lakini hili si la masikio.

Najua wewe na Mama hamzungumzi vizuri tangu uende kusomea dawa za usingizi. Miaka kumi na moja ni mingi, Dada. Lakini mwandikie. Barua anazisoma, za watu wote, hata za kampuni ya maji.

Mdogo wako,
Kitinda


9 Machi

Mama,

Shikamoo.

Kitinda ameniandikia. Nitasema wazi, maana muda hautungoji. Kondo likiziba mlango, siku uchungu ukianza damu hutoka kama bomba lililopasuka. Mkunga wako, hata awe hodari namna gani, atakachoweza kufanya ni kushika kitambaa. Nimewapokea wanawake waliocheleweshwa na watu wanaowapenda. Wengine walifika wameshakuwa weupe midomo, na sisi tukabaki tunatazamana.

Najua kazi yangu huipendi. Hukuja siku yangu ya kuhitimu, na kila mtu alikuwa na mama yake pale. Hukuwahi kuniambia kwa nini, nami nimejifunza kutouliza. Nichukie mimi, Mama. Lakini usimwue Kitinda kwa sababu ya kunichukia mimi.

Binti yako


15 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeipata. Sikukulea uniandikie hivyo.

Mdogo wako hataingia chumba kile. Ninajua ninachokijua. Jambo hili usiniandikie tena.

Mama yako

Vaa sweta. Nasikia huko kwenu kuna baridi.


21 Machi

Dada,

Sijui umemwandikia nini, ila siku mbili alipiga ile mashine yake ya chapa kwa hasira mpaka jirani akauliza kama tunajenga.

Jana alikuja kiwandani. Hajawahi kuja, anasema hamira inamkereketa koo. Alinikuta nakata matonge ya unga, akakaa juu ya gunia, akanitazama. Nikaendelea kupima, gramu mia nne, gramu mia nne. Mwisho nikamwambia, "Mama, sema au nunua mkate." Hakucheka.

Akasema, "Sisi dawa yao haiishi mwilini."

"Sisi nani?"

"Mimi. Mama yenu mdogo."

"Mama mdogo alikufa kwa kidole tumbo."

"Walisema hivyo." Akachota unga kidogo kiganjani. Kisha akasema, "Hakuna aliyempumulia." Ndipo akanyanyuka, akakung'uta unga kwenye sketi, akaondoka bila kuaga.

Nimekaa na neno hilo toka jana. Mtu anampumuliaje mwenziwe? Wewe ndiye mwenye shughuli hizo, niambie. Na niambie pia nifanye nini, kwa sababu picha ya pili nimepigwa leo na kondo halijasogea hata unyoya.

Kitinda


25 Machi

Mama,

Shikamoo tena, na safari hii nakuamkia nimepiga magoti. Nisamehe kwa barua ile. Nilikuandikia kama mtu anayejua, kumbe sijui.

Kitinda ameniambia ulichosema kiwandani. Mama, nisomee hapa polepole.

Tunapomlaza mama kwa upasuaji tunampa dawa mbili. Ya kwanza inamlaza. Ya pili inalegeza misuli yote, ili bomba la hewa lipite kooni. Hii ya pili, kwa watu karibu wote, huisha ndani ya dakika kumi, kwa sababu damu yenyewe ina kitu kinachoivunja. Lakini wapo watu wachache sana, hurithiana katika ukoo, ambao damu yao haina kitu hicho. Kwao dawa hukaa kwa saa nyingi. Usingizi unakwisha, mtu anaamka na akili zake timamu, lakini hawezi kufumbua jicho wala kuvuta pumzi. Lazima mtu ampumulie kwa kuminya mfuko wa hewa, mpaka dawa iishe yenyewe. Asipopumuliwa, anakufa, na watu watasema moyo ulisimama.

Mama mdogo hakuwa anazaa. Alikuwa anakatwa kidole tumbo. Kwa hiyo kama ni jambo moja, si uzazi, ni dawa.

Nilikuwa na miaka saba siku aliyozaliwa Kitinda. Baba alikuja kunichukua shule jioni macho mekundu, akaniambia, "Mama yako amelala sana." Miaka yote nilidhani ni namna ya kusema tu. Mama, ulilala saa ngapi? Na ulikuwa umelala kweli?

Sikuulizi ili nikubishie. Nakuuliza kwa sababu nakuamini tayari.

Binti yako


4 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara nne. Ya tano niliisoma nimesimama.

Miaka ishirini na tisa nimepiga chapa ushahidi wa watu mahakamani. Wezi, wajane, majirani waliogombania mpaka. Kila mmoja hakimu alimwambia, sema uliyoyaona na uliyoyasikia, usiongeze. Mimi sijawahi kuulizwa. Wewe ni wa kwanza. Basi nasema, na siongezi.

Niliingia saa tano asubuhi. Uchungu ulikuwa wa siku ya pili na mtoto amelala mlalo. Walikuwapo daktari mmoja mwenye kikohozi, manesi wawili, na mama wa usingizi, mfupi, mwenye pengo la meno ya mbele. Akaniambia nihesabu kurudi nyuma kutoka ishirini. Nilifika kumi na saba.

Kilichofuata ni kikohozi cha daktari. Nikajua nimeamka. Nikataka kufumbua macho, hayakufumbuka. Nikataka kumeza mate, koo halikuwa langu. Nikataka kuvuta pumzi, haikuja. Ikaja nyingine, ya kuingizwa, kama tairi la baiskeli linavyojazwa, ikatoka, ikaingia tena. Tumbo lilikuwa linauma, limeshashonwa. Mbali kidogo nikasikia mtoto analia, nikashukuru moyoni, kwa sababu moyo ndicho kitu pekee nilichobakiwa nacho.

Daktari akasema, "Mtoto mzima. Mama ndiyo basi huyu. Saa ya tatu sasa hajapumua." Nesi akauliza, "Nani atamwambia mume?" Wakajadiliana kama watu wanaopangiana nani akanunue chumvi. Nilikuwa nawasikia, mwanangu. Kila neno.

Daktari akamwambia mama wa usingizi, "Mwachie."

"Moyo unapiga. Simwachii."

"Umechoka wewe."

"Mkono ndio umechoka. Mimi sijachoka."

Akainama sikioni kwangu. "Mama, sijui kama unanisikia. Kama unanisikia, usiogope. Dawa imegoma kuisha, lakini itaisha. Mimi siondoki." Akaanza kunisimulia. Mtoto ni wa kike, ana nywele nyingi, amemkojolea nesi. Habari za mtoto zilipokwisha akasimulia za kwake: paa linavuja upande wa jikoni, mumewe kila mwaka anasema kesho. Mpaka leo nayajua mambo ya nyumba ile kuliko ya jirani zangu. Alikuwa akibadilisha mkono bila kusimama. Saa kumi na mbili kasoro robo jioni kidole changu cha mguu kilitikisika. Alipokiona alipiga ukelele kama mtu aliyeona nyoka.

Nilipoweza kusema nilimrudishia daktari maneno yake mwenyewe. Alicheka. Akasema ni ndoto za dawa, wanawake wengi huota. Baba yenu akaniambia nipumzike. Bibi yenu akasema nisirudie mbele za watu, wataniona nimerukwa na akili. Nikafunga mdomo. Yule mama nilimwona sokoni mara moja baadaye, nikabadilisha njia, kwa sababu ningemkumbatia ningelia, na kulia nilishakatazwa.

Miaka minne ikapita. Mama yenu mdogo akaingia hospitali nyingine, ndogo. Nilimsindikiza mpaka mlangoni. Neno lilikuwa mdomoni: waambie dada yako dawa iligoma. Nikaona haya. Nikamwambia nitakuletea uji. Walipotuita wakasema moyo ulisimama baada ya upasuaji kwisha. Mimi peke yangu nilijua. Sikusema hata siku hiyo. Hilo ndilo lililo langu, na sitalitupia mtu.

Sasa wewe. Ulipokwenda kusomea usingizi hukunikasirisha. Uliniogofya. Kila nikikuwaza nakuona umesimama kichwani mwa mtu kama mimi, mkono umekufa ganzi, daktari anakwambia mwachie. Sikujua ungejibu nini. Ndiyo maana sikuja kwenye sherehe yako. Ningeitazama mikono yako mbele za watu nikaanguka. Nilipaswa kukuambia. Niliona heri unione mama mbaya kuliko mama mwendawazimu.

Jambo moja zaidi, maana wewe umetaja ukoo. Baba yenu alikuwa mtoto wa mjomba wangu. Kama ni la damu, Kitinda amelipata kwa pande zote mbili.

Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyasikia. Nimepiga nakala mbili.

Mama yako


7 Aprili

Mama,

Hukuota.

Nimeifunga barua yako nikaifungua tena. Nasema lile moja tu linalohitajika, na nalisema kama mtaalamu, si kama mwanao: hukuota hata dakika moja. Kila ulichoandika ndicho kinachotokea kwa mtu mwenye damu hiyo. Yule daktari alikosea, wewe ulikuwa sahihi, na ulikuwa sahihi kwa miaka thelathini na moja.

Ulisema hukujua ningejibu nini. Nimewahi kuambiwa mwachie mara mbili. Sikumwachia mtu hata mmoja.

Mlete Kitinda kwangu. Apumzike hapa mpaka siku yake, hospitali iko dakika kumi. Tutampima damu. Tukipanga vizuri atachomwa ganzi ya mgongo tu, atakuwa macho, atamwona mtoto akitoka. Na hata ikibidi alazwe, ipo dawa nyingine ya kulegeza misuli, isiyohitaji kitu kile kwenye damu. Sumu yenu ni ile moja tu, na sasa tunaijua kwa jina.

Mkubalie, Mama. Safari hii neno limeshatoka mdomoni.

Binti yako


19 Aprili

Mama mpenzi,

Shikamoo. Nimefika salama na nanenepa. Dada hanipi hata kikombe nikibebe. Amehamishia kitanda chake sebuleni akanipa chumba, na kila asubuhi kabla ya kwenda kazini ananipima presha kama anayekagua gari kuukuu.

Nimetolewa damu, wameipeleka maabara kubwa, majibu ni baada ya wiki kadhaa. Upasuaji ni tarehe sita Mei. Daktari wa wazazi ni mwanamke, ana mikono midogo, na amenisikiliza mpaka mwisho. Kwenye faili langu Dada amebandika karatasi nyekundu kubwa ya onyo la dawa ile, na chini yake ameambatanisha nakala ya barua yako. Nilimwuliza, yote? Mpaka habari za paa linalovuja? Akasema yote, ushahidi haukatwi vipande.

Mimi nimeisoma juzi, kwa ruhusa yake. Nililia, halafu nikacheka pale nilipomkojolea nesi. Mama, mimi nilikuwa chumba kile kile, nalia, na wewe unanisikia. Kumbe siku yangu ya kwanza duniani hukuwa umelala. Ulikuwa nami.

Mwambie Dereva mikate ya maziwa asiichanganye na ya kawaida, wateja wanalalamika. Na mtoto anywe dawa yake ya minyoo.

Kitinda wako


28 Aprili

Mama,

Shikamoo. Dereva alishakupigia, akakwambia wote wazima, nawe ukajibu "eee, eee." Sasa nikueleze ilivyokuwa, kwa utaratibu.

Jumatatu saa nne asubuhi nilikuwa chumba cha upasuaji namba moja na mama wa mapacha. Nimemchoma ganzi ya mgongo, yuko macho, mtoto wa kwanza ametoka, wa pili anatafutwa mguu. Nesi akafungua mlango akaniambia kwa ile sauti tulivu ambayo manesi huitumia kukiwa hakuna utulivu wowote: "Mdogo wako ameletwa. Anatoka damu. Wanamwingiza namba mbili."

Alikuwa amekuja na teksi, amekalia taulo zangu zote nne.

Mama, sikutoka. Nataka ulijue hilo kwanza. Mama wa mapacha alikuwa wangu, presha yake inacheza, na hakukuwa na mtu wa kunipokea. Anayesimama kichwani haondoki. Nilibaki nimemshika bega mwanamke nisiyemjua, na mdogo wangu anavuja damu nyuma ya ukuta.

Namba mbili alikuwapo mwenzangu wa zamu, tunamwita Mpole kwa sababu kwa miaka minane hajawahi kupaza sauti. Kitinda alikuwa amepoteza damu nyingi, presha imeshuka, ganzi ya mgongo ingeishusha zaidi. Ikabidi alazwe kabisa. Yaani lile lile tulilokuwa tunalikimbia.

Na kwenye haraka mkono huenda ulikozoea. Trei yetu ya dharura ina sindano zilizokwishavutwa, na dawa ile ni ya kwanza kulia. Nilishawaeleza wenzangu wote kwenye kikao, lakini Mpole mwenyewe amekiri: damu ikimwagika, kikao kinasahaulika. Anasema alikuwa ameshaishika. Ndipo Kitinda, ambaye kila mtu alidhani hawezi tena kusema, akamkamata mkono wa shati.

"Soma ya mama yangu kwanza."

"Mama, hatuna muda wa..."

"Soma."

Akafungua faili. Karatasi nyekundu, na chini yake wewe. Anasema alisoma mistari mitatu tu, pale daktari anaposema ndiyo basi huyu. Akaitupa ile sindano kwenye ndoo, si kuiweka pembeni, kuitupa, na akaomba dawa nyingine. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Mpole alipiga kelele. Niliisikia mpaka kwangu. Sikujua anapigia nini kelele. Nilidhani tumempoteza.

Kisha nikasikia mtoto. Ukuta ule ni mwembamba, Mama, na mtoto yule ana mapafu ya mnadi. Alilia mpaka mama wa mapacha akauliza, "Huyo naye ni wa kwangu?"

Nikajua nusu imepona. Ikabaki nusu nyingine. Dakika hamsini na mbili hakuna aliyekuja kuniambia kitu. Walikuwa wanafunga mishipa, wanampa damu, paketi ya nne. Wa kwangu nilimmaliza, presha ikatulia, mapacha wamefungwa vizuri, na mimi machozi yananitoka ndani ya barakoa. Yule mama akanitazama. "Nesi, watoto wangu wana nini?"

"Wazima wote wawili."

"Mbona unalia?"

"Nalia ya kwangu, mama."

Akanipa mkono wake. Yeye aliyepasuliwa tumbo ndiye aliyenishika mimi mkono.

Mlango ukafunguka. Magurudumu, Mpole kasimama kichwani jasho linamchuruzika, na Kitinda kitandani, mweupe kama unga wake, macho wazi. Dawa ilipozimwa alivuta pumzi mwenyewe dakika ya nne. Mwenyewe, Mama. Akanitafuta kwa macho, akasema kwa sauti ya chura, "Dada. Nina kiu. Na nani amenivalisha kofia mbaya hivi?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini, kwenye sakafu ya korido, na viatu vya plastiki.

Mtoto ni wa kike. Kilo mbili na robo, kawahi kidogo, lakini ananyonya kama anayedai. Manesi wameshampa jina la utani, Kelele. Kizazi cha mama yake hakikuondolewa.

Mpole amenituma nikupe ujumbe, nami naunukuu ulivyo: "Mwambie mama yako mimi nina miaka minane kazini na sijawahi kusoma kitu kilichookoa mtu kwa mistari mitatu."

Njoo.

Binti yako


14 Mei

Mama,

Umeondoka juzi tu na nyumba imeshapoa. Kelele anakutafuta, au anatafuta ziwa, kwake ni mamoja.

Majibu yametoka, yangu na ya damu mliyotoa wewe na Dada ulipokuwa hapa. Yule wa maabara alipiga simu mara mbili kuuliza kama damu yangu haikuharibika njiani, kwa sababu kile kitu cha kuvunja dawa hakimo kabisa. Hakimo kwangu, hakimo kwako. Dada anacho nusu. Kwa hiyo hata hapa nimemshinda.

Mpole alisoma karatasi, akaikunja, akasema ile sindano ingenilaza mpaka jioni. Nikamwambia ungeniminyia mfuko? Akasema, "Mpaka kesho kutwa." Lakini nimefurahi hakulazimika, Mama. Nimefurahi nilifumbua macho na la kwanza kulifikiria likawa maji ya kunywa.

Tumepewa kadi, mimi na wewe, za kubeba popote. Yako nimeifunga kwenye bahasha hii. Imeandikwa jina la dawa na chini yake mhuri. Mtu yeyote akikwambia tena uliota, mtolee.

Kitinda


2 Juni

Wanangu wote wawili,

Kadi nimeipata, ninatembea nayo.

Wewe mkubwa, uliyemwandikia mganga mkuu wa hospitali ya hapa, nilikomzalia mdogo wako, habari zangu bila kuniambia, wewe tutaonana. Jumanne alinitumia gari. Nilidhani nimeshtakiwa. Kumbe wana darasa la wanafunzi wa usingizi, thelathini na mmoja, na alitaka niwasomee.

Nilivaa gauni la kijani. Nilianza kusoma barua. Nilipofika pale pa kikohozi cha daktari niliiweka karatasi mezani nikasema kwa kichwa. Sikuihitaji. Nilisema pia habari za mama yenu mdogo, zote, na jina lake nililitaja. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyeniambia nipumzike.

Mganga mkuu akatuonyesha fomu mpya. Kila mjamzito atakayefika kliniki ataulizwa: je, katika ukoo wenu yupo aliyewahi kupata tatizo kwa dawa za usingizi, au aliyefia mezani? Nikaisoma, nikamwambia ni nzuri ila neno "usingizi" wamelipiga kwa s mbili. Wanafunzi wakacheka, naye akachukua kalamu akarekebisha pale pale.

Msichana mmoja wa mstari wa nyuma akanyoosha mkono. Akauliza, "Mama, siku ile pale mezani, kama mdomo ungefunguka kwa neno moja tu, ungesema nini?"

Nikamjibu, "Ningesema: nipo."

Waliandika wote. Nimepiga chapa maneno ya watu maisha yangu yote, sijawahi kuona watu thelathini na mmoja wanaandika la kwangu.

Walipokwisha nilimwomba mganga mkuu anipeleke kwenye chumba kile. Akasema taa zimebadilishwa, meza nayo si ile. Nikamwambia chumba ni kile kile. Hakukuwa na mgonjwa. Nikavua viatu, nikavaa vile vyao, nikaingia. Nikapanda mezani, nikalala chali, nikatazama juu. Yule msichana alisimama kichwani bila kuambiwa.

Nikakaa hivyo kama dakika mbili, navuta pumzi yangu mwenyewe. Kisha nikainuka, nikashuka, nikatoka nje kwa miguu yangu.

Mama yenu